Viti vipya vimekuja, wenzangu hawavitaki, na siri ya mama mmoja inaninyima usingizi

SWALI

Mshauri, salaam aleikum.

Nimekuwa nikisoma safu yako nikidhani ni ya ndoa na mirathi tu. Sasa na mimi nina langu, na si la ndoa. Naomba usitaje kiwanda wala jina langu.

Mimi ni msimamizi wa laini katika kiwanda cha nguo hapa Mombasa, upande wa bara. Kabla ya kupewa usimamizi nilikuwa fundi wa mashine kama wengine, nikishona viuno vya suruali kutwa nzima, kwa hiyo haya ninayokueleza mgongo wangu unayajua. Laini yangu ina mafundi kama thelathini, karibu wote wanawake, na wengi hutembea kwa miguu alfajiri kutoka mitaa ya Bangladesh na Jomvu ili waokoe nauli. Tunashona suruali za kazi za kuuzwa ng'ambo. Kila mtu ana kipande chake: huyu mifuko, yule zipu, mwingine pindo la chini. Ukikizoea kipande chako mkono unakwenda wenyewe. Kila saa tageti inaandikwa kwenye ubao mbele ya laini, na ukiipita unapata bonasi. Bonasi hiyo, Mshauri, ndiyo kodi ya nyumba ya wengi. Mshahara unaishia kwenye chakula na karo.

Tumekaa miaka yote kwenye mabenchi ya mbao yasiyo na pa kuegemea. Kila mtu na maarifa yake: kuna anayekunja leso mara nne akaikalia, kuna aliyefunga sponji kwa kamba, na kuna mmoja, ni mfupi, ameliinua benchi lake kwa vipande vya mbao. Ikifika saa tisa alasiri ni "aah, shingo", "aah, kiuno" laini nzima. Wakati wa Kaskazi, mabati yakiwaka, ndiyo usiseme.

Mwaka huu tumepata meneja mpya. Anasema wanunuzi wa ng'ambo siku hizi wanauliza mafundi wanakaaje, tena yeye mwenyewe ameona wanavyoomba ruhusa ya kwenda kliniki. Akachagua laini yangu iwe ya majaribio. Tumeletewa viti vyenye mgongo vinavyopanda na kushuka, meza zimeinamishwa kidogo kuelekea kwa fundi, na tumeambiwa tubadilishane vipande kila baada ya saa mbili ili mtu asirudie mwendo mmoja kutwa. Nilifurahi, nikajua nitashukuriwa. Kumbe!

Wenzangu hawataki. Viti wanavikalia nikiwa natazama. Nikigeuka, wamerudi kwenye benchi. Habari ya kubadilishana ndiyo hawataki hata kuisikia. Fundi wa mifuko ukimweka kwenye zipu anakuwa mgeni, tageti inampita na bonasi imekwenda. Mmoja aliniambia mbele ya watu: "Dada, wewe siku hizi mshahara wako hauko ubaoni." Lilinichoma kwa sababu ni kweli. Halafu wanakumbuka kuwa kuna wakati tuliletewa viti vizuri, bado vina plastiki, siku chache kabla ya wakaguzi kuja. Wakaguzi walipoondoka, viti vikaingia stoo. Wanasema hivi navyo ni vya kupigiwa picha.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kuna mama mmoja kwenye laini, nitamwita Mama Rehema, si jina lake. Ndiye aliyenifunza kazi nilipoingia kiwandani nikiwa sijui hata kutia uzi kwenye ovaloki. Mimi namwita mama, wanangu wanamwita bibi. Mkono wake wa kulia unaingia ganzi. Asubuhi kabla ya kukaa anakung'uta kiganja kama anayekausha maji. Matundu ya mkasi ameyazungushia kitambaa. Bobini zinamponyoka, na akitaka kujua kama uzi umeshika, hapapasi tena kwa vidole, anainama mpaka pua inakaribia sindano. Kwenye kipande chake bado ana kasi kwa sababu mwili umekariri. Mhamishe tu, kila mtu ataona.

Nilimvuta kando nikamwuliza. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nistiri." Mkataba wake ni wa muda, unaisha na kuandikwa upya. Tena usiku, nyumbani, anamsaidia mkwewe kubandika soli za ndara za shanga wanazouzia watalii. Anaogopa kuwa kliniki ya kazini wakijua watasema ugonjwa ameutoa kwenye ndara, si kwenye mashine, na atakachopata ni barua ya kuachishwa tu.

Meneja anataka ripoti yangu mwisho wa mwezi ujao. Nikiandika kuwa mafundi wamekataa, viti vitarudi stoo nasi kwenye mabenchi. Nikiwalazimisha kubadilishana, nitawakosesha bonasi, na Mama Rehema nitakuwa nimemwanika. Nikinyamaza, mkono wake utazidi, na mimi ndiye msimamizi wake. Mume wangu ananiambia niandike kile meneja anachopenda kusoma nilinde unga wangu. Nifanye nini?

Msimamizi wa laini, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, dada.

Umepewa viti vizuri, na juu yake ukapewa kazi ya kuwafanya watu wavikubali, na watu wenyewe ni wale uliokaa nao benchi moja. Hawajavikubali. Katikati yao yuko mama aliyekulea kikazi, ambaye jambo lake mpango huu wenyewe utalifichua. Kwa ajili ya laini unatakiwa useme, kwa ajili ya Mama Rehema unatakiwa unyamaze, na ripoti ni moja. Si ajabu hulali.

Unasema wenzako wamevikataa viti. Nimerudi kwenye barua yako kumtafuta fundi aliyesema benchi ni bora kuliko kiti, sikumwona. Niliyemwona ni yule aliyekwambia mshahara wako hauko ubaoni, na huyo hakukisema kiti kwa lolote. Alikuwa akiuliza gharama ni ya nani. Fundi wa mifuko akipelekwa kwenye zipu, majuma ya mwanzo atakuwa mzito. Meneja analijua hilo, na yule anayezunguka na saa kupima kazi analijua zaidi. Kwa mpango ulivyo sasa, hasara yote ya kujifunza inatoka mfukoni mwa fundi. Ningekuwa mimi nina kodi ya kulipa tarehe tano, ningerudi kwenye benchi vilevile.

Kwa hiyo huenda mazungumzo yako ya kwanza na meneja yasiwe ya viti, yawe ya ubao. Unaweza kumwomba kwamba muda wote wa majaribio kila fundi alipwe wastani wa bonasi aliyokuwa akiipata miezi iliyopita. Au tageti iwe ya laini nzima, isiwe ya mtu mmoja mmoja. Njia hizi zote mbili zina miiba. Ya kwanza, meneja ataona analipia suruali ambazo hazijashonwa. Ya pili, wenye kasi wataona wanawabeba wenzao, na mkono utakaotazamwa kwanza ukisita ni wa Mama Rehema. Wewe ndiwe unayewajua watu wako, mimi sijawahi kuiona laini hiyo. Ninachoona kutoka hapa ni kwamba bila jibu la bonasi, hata kiti cha mfalme kitarudi stoo.

Kuna jambo jingine ambalo nahisi meneja amelipita mbio. Kumtoa mtu kwenye mifuko na kumpeleka kwenye zipu ni kumbadilishia kitambaa, mwili umebaki palepale. Kote shingo imeinama, macho yako kwenye sindano, mabega yamepanda, mguu uko kwenye pedali. Misuli inayofanya kazi ni ileile. Watazame mafundi wa barazani kule Mji wa Kale: anashona, mteja anakuja, anainuka kumpima, anakwenda kukata, anapiga pasi, anarudi kukaa. Siku nzima mwili wake hautulii mkao mmoja. Fundi wako wa laini hana sababu ya kuinuka mpaka kengele ya chakula.

Ukilitazama hivyo, kubadilishana kunakofaa ni kule kunakobadilisha mkao: kukagua nguo kwa kusimama, kukata nyuzi, kupanga mabando, kupeleka kazi upande wa pasi. Kazi hizo hazihitaji majuma ya kujifunza, kwa hiyo hazili bonasi kiasi kile. Mwulize meneja kama anaweza kuanzia hapo, pengine kwa zamu moja fupi asubuhi na nyingine alasiri, na kwa waliokubali wenyewe tu. Hatari yake ni kuwa waliokuwa wakizifanya kazi hizo, wale mahelpa, wataona wananyang'anywa nafasi. Zungumza nao mapema. Na kusimama nako kukizidi kuna maumivu yake, usije ukahamisha "aah" kutoka shingoni ukaipeleka miguuni.

Na viti vyenyewe je? Umewahi kukikalia kimoja kwenye mashine inayokwenda, ukashona bando zima? Sikuulizi kwa ubaya. Kiti kikiwa na magurudumu, fundi akikanyaga pedali kinarudi nyuma, na kutwa anajizuia kwa mapaja. Kikiwa na mikono ya kuegemea, mikono hiyo inagonga meza na kumzuia kusogea karibu, kwa hiyo anainama zaidi kuliko alipokuwa kwenye benchi. Mfupi akikipandisha aione sindano, miguu inaning'inia. Akikishusha aifikie pedali, mabega yanapanda. Inawezekana wanaorudi kwenye benchi wana sababu ambayo hakuna aliyewauliza. Yule aliyeinua benchi lake kwa vipande vya mbao alishaifanya hesabu hii siku nyingi, wala hakulipwa kwa ushauri huo. Ningekuwa na kiti kimoja tu cha kujaribu, ningempa yeye, nikae pembeni nimtazame.

Vipimo vipo vya kuanzia. Watafiti wa Uholanzi waliochunguza meza za cherehani walipendekeza meza ikae sentimita 5 hadi 15 juu ya usawa wa kiwiko cha fundi, na iinamishwe digrii 10 hivi ili asilazimike kukunja shingo sana kuiona kazi. Sasa, meza ikiinama, mkasi na bobini huteleza mpaka mapajani. Kipande chembamba cha mbao ukingoni kinatosha kuzizuia, lakini kisipokuwepo fundi ataichukia meza hiyo kwa siku moja, nawe utaandika kwamba amekataa. Kuhusu viti, kuna utafiti wa Los Angeles uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha mafundi wa cherehani 277. Waliopewa viti vipya vya kurekebishika walipungukiwa na maumivu ya shingo na mabega katika miezi minne kuliko wenzao waliopewa vitu vidogo vidogo kama pa kuwekea miguu, na walionufaika zaidi ni wale ambao kikalio cha kiti chao kilikuwa na mviringo. Kwa hiyo kiti kikichaguliwa vizuri hufanya kazi. Meneja wako hajakosea nia.

Hapa Kenya hata si jambo la hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vinamfaa mfanyakazi. Kwa kazi inayoweza kufanywa kwa kukaa, inataka kiti kinachomfaa mtu na kazi yake, na pa kuwekea miguu kama haifiki chini. Sheria hiyohiyo inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na inakataza mtu kuadhibiwa kwa kulalamikia hatari kazini. Kwenu kamati iko? Inakutana, au ni orodha ya majina iliyobandikwa mlangoni? Ikiwa hai, hili ni lake, na kulipeleka huko kunakutoa wewe katikati peke yako. Ikiwa ni ya meneja na marafiki zake, utajua ndani ya kikao kimoja, na hapo chama cha wafanyakazi kinabaki, ingawa najua kwenye mikataba ya muda watu huogopa hata kuonekana wakizungumza na mjumbe wake.

Jambo dogo kabla sijaenda kwa Mama Rehema. Ile plastiki ya viti vya wakaguzi hawajaisahau, wala sidhani watasahau kwa maneno yako matamu. Meneja akiweza kubandika karatasi yenye sahihi yake kuwa viti havitoki kwenye laini hata majaribio yakiisha vibaya, itakusaidia kuliko mkutano.

Sasa Mama Rehema. Hapa twende polepole.

Amekuomba umstiri, na mtu aliyekulea hakuombi hivyo ila maji yamemfika shingoni. Sikulaumu kwa kunyamaza mpaka sasa. Ila kuna jambo moja ningependa ulipime: mtu asiyehisi ncha za vidole anafanya kazi sentimita chache kutoka kwenye sindano ya umeme. Wewe umekaa kwenye mashine, unajua sindano ikipita kwenye kidole inakuwaje hata kwa mwenye vidole vizima. Siri hii ina hatari ya leo na kesho, si ya mwisho wa mwezi ujao tu.

Kisha nakuuliza, nyinyi wawili mnajuaje ni nini? Wewe umeshaamua ni mashine, yeye anaogopa wataamua ni ndara, na daktari bado hajauona mkono. Mwulize ganzi iko kwenye vidole gani. Ikiwa ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, tena inamwamsha usiku na akikung'uta anapata nafuu, mara nyingi ni neva inayobanwa pale inapopita kwenye kifundo cha mkono, na kazi ya kurudia mwendo mmoja kwa nguvu huichokoza. Ikiwa ni kidole kidogo, huenda ni neva inayopita kiwikoni, ambayo huumizwa na kuegemea ukingo wa meza. Shingo nayo inaweza kutuma ganzi mpaka vidoleni. Sukari pia, na kwa umri wake ni vizuri apimwe.

Na kuna gundi. Baadhi ya gundi za viatu zina kiyeyushi kiitwacho heksani, na mvuke wake ukivutwa muda mrefu huharibu neva, kwa kawaida nyayo na viganja vya pande zote mbili. Miaka ya 1960 huko Japani watu waliokuwa wakitengeneza ndara majumbani, katika vyumba visivyopitisha hewa, waliugua hivyo kwa wingi. Sisemi ndilo lililompata. Mkono mmoja tu unanifanya nifikirie kifundo kwanza. Lakini kama Mama Rehema anabandika soli usiku kwenye chumba kilichofungwa kwa sababu ya mbu, hilo linaweza kubadilishwa leo bila kumwomba meneja ruhusa. Mwulize na miguu pia, kama inawaka au inakufa ganzi.

Ndiyo maana kumficha daktari habari ya ndara kungekuwa kosa kubwa kuliko kumficha meneja. Tena kuwepo kwa ndara hakukitoi kiwanda lawamani. Mwili wa mtu unaweza kuumizwa na kazi mbili, na ni daktari wa kusema kila moja imechangia nini. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, nayo ya mwaka 2007, haihusu ajali peke yake, magonjwa yatokanayo na kazi yamo pia. Lakini madai hayo yana muda wake, na siku ambazo mtu amekaa kimya hazirudishwi. Halazimiki kuanzia kliniki ya kiwanda. Anaweza kwenda hospitali ya kaunti yenye wataalamu wa viungo kwa bima yake ya afya ya jamii, apate maandishi yake mwenyewe mkononi kabla ya mtu yeyote kazini kujua. Likizo ya ugonjwa anayo pia: aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini ana haki ya angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka.

Akienda mapema, neva iliyobanwa kifundoni huweza kutulia kwa kifaa cha kushikilia mkono usiku na kupunguza kazi inayouchokoza. Akichelewa, ule mnofu ulio chini ya kidole gumba hunywea, na hapo huenda akahitaji upasuaji, na nguvu zisirudi zote. Utazame mnofu huo, ulinganishe na mkono wa pili. Utapata kitu cha kumwambia chenye uzito kuliko "mama nenda hospitali".

Sitakudanganya kuhusu mkataba. Sheria inasema mtu hafutwi kwa sababu ya kulalamika, lakini mkataba usipoandikwa upya hakuna anayelazimika kukueleza kwa nini, na kuthibitisha ni kazi ngumu. Hofu yake ni ya mtu mzima anayeijua dunia. Usiende kumwondolea hofu hiyo kwa maneno. Nenda ukaihesabu pamoja naye.

Kuna njia moja ambayo huenda ikausaidia mpango na yeye pamoja. Chora umbo la mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma, utoe nakala za kutosha laini nzima. Kila fundi atie alama panapouma na duara panapoingia ganzi, bila jina, karatasi ziingizwe kwenye boksi. Wafanyakazi wengi duniani hutumia njia hii. Ripoti yako itakuwa na kitu cha kuonyesha ambacho si malalamiko ya mtu mmoja, na ganzi ya Mama Rehema itakuwa duara kati ya maduara. Sitashangaa ukikuta si yeye peke yake. Meneja naye atapata jambo la kuwaambia wanunuzi wake. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba karatasi hiyo itaisema hatari lakini haitautibu mkono wake, na inaweza kukupa wewe raha ya kujiona umeshatimiza wajibu.

Mumeo anawaza unga wa nyumba yake, na anayo haki. Ila ripoti ya kupendeza ina sahihi yako chini. Meneja akiiamini, mpango utahamishwa kwenye laini nyingine na bonasi ileile ikatwayo, na mafundi wa huko watauliza nani aliyesema ulifaulu. Kati ya "wamekataa" na "wamefurahi" kuna ripoti nyingine: kwamba wamejaribu, viti hivi vinafaa kwa hili na havifai kwa lile, na kubadilishana wanakubali kwa sharti hili la malipo. Huenda asiipende. Umeniandikia kuwa yeye mwenyewe aliona watu wakienda kliniki na likamgusa. Mtu wa namna hiyo pengine anaweza kuisoma. Wewe unamjua, mimi simjui.

Ningependa uonane na Mama Rehema kabla ya kuandika lolote, siku ya mapumziko, nyumbani kwake, si kwenye laini. Umweleze ripoti itasema nini na nini haitasema. Umwulize, kama ni lazima ahame, yeye angechagua kazi gani: kukagua, au kuwafunza wageni kama alivyokufunza wewe, na bonasi yake ihesabiwe vipi hapo. Akikataa katakata habari ya hospitali, usigombane naye. Omba angalau ndara zihamie barazani penye upepo, na umwulize mkwewe kama amewahi kujaribu gundi ya maji. Inachelewa kukauka na soli hukaa kwenye kibano muda mrefu zaidi, kwa hiyo jitayarishe kwa ubishi wa pili.